Kupima mbegu za kiume Mombasa: kipimo gani ulipie kwanza

Mkijaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amefikisha miaka 35, mume naye apimwe. Inaumiza kuona mke anazungushwa hospitali kwa hospitali na hakuna aliyeomba kikopo cha manii ya mume.

1. Maabara yenye chumba cha kutolea manii. Lipia hiki kwanza. Kabla ya kulipa uliza: "Mnapima mwendo na umbo, au mnahesabu tu?" Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2021 ni manii mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42 na zenye umbo zuri asilimia 4. Jizuie kutoa manii siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Usitumie mate, sabuni wala mafuta, maana huziharibu mbegu. Manii yanayotoka mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi. Yakimwagika, mwambie mtu wa maabara, la sivyo hesabu itashuka bure. Asiyetaka punyeto aombe kondomu maalumu ya kukusanyia manii; za dukani huua mbegu.

2. Kutolea nyumbani, kupeleka maabara. Maabara ile ile, hatari iko njiani. Andika saa uliyotoa, fika ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Wa Likoni, foleni ya feri peke yake yaweza kumaliza muda huo, afadhali uvuke kwanza. Kikopo kikae ndani ya shati, kigusane na mwili. Kwenye barafu, au ndani ya gari lililoanikwa juani, mbegu hufa, na ripoti itasema ni wewe.

3. Kifaa cha nyumbani kinachotumia kamera ya simu. Huonyesha mbegu zinazotembea, umbo hakionyeshi.

4. Kipimo cha nyumbani cha mistari, mfano wa kile cha mimba. Kinakwambia tu kama idadi imevuka kiwango fulani. Mbegu zikiwa nyingi lakini hazisogei, bado kitakupa majibu mazuri. Na manii yakitoka huwa mazito kama ute. Ngoja yalegee, dakika 15 hadi 30, ukiharakisha utasoma uongo.

Majibu yakiwa mabaya, rudia baada ya miezi 3, hasa kama ulishikwa na homa kali karibuni: mbegu huchukua siku 70 na kitu kutengenezwa. Ila ukiambiwa hakuna mbegu hata moja, usingoje. Muone daktari wa njia ya mkojo, na umtajie sindano za testosteroni (homoni ya kiume) kama unadungwa huko jimu, kwa sababu zinazima utengenezaji wa mbegu.