Nikkor 50mm f/1.8D: lenzi moja, kamera mbili, mwaloni Kirumba

Nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, na picha napiga kwa kupenda tu. Hakuna mteja wa harusi anayenirudishia hela yangu, kwa hiyo kifaa nakipima kwa magunia: kimekula magunia mangapi, na je, kinastahili. Lenzi ninayoizungumzia hapa ni AF Nikkor 50mm f/1.8D, ile ndogo nyeusi ya plastiki, gramu 155, yenye pete ya namba za tundu karibu na kitako. Tundu ndilo linalopitisha mwanga: namba ndogo, tundu kubwa. Pete hiyo ndiyo iliyonifanya niitafute.

Nina kamera mbili. Ya mkanda ni Nikon FM2, niliyoachiwa na baba mdogo aliyekuwa na studio ya picha za paspoti. Ya kadi ni Nikon D7000, mtumba. Nilitaka lenzi moja ifanye kazi kwenye zote mbili, maana kununua mbili mbili ni kujitafutia madeni.

Kitako cha lenzi za kamera za Nikon zenye kioo cha ndani ni kilekile tangu mwaka 1959, na ndiyo maana mafundi wa mjini hukwambia kwa kujiamini kwamba lenzi ya Nikon inaingia kamera yoyote ya Nikon. Kuingia, nyingi zinaingia. Kufanya kazi ni habari nyingine, na hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Hii 50mm ya D haina mota ndani yake. Inazungushwa na kijino kidogo cha chuma kinachotoka kwenye bodi ya kamera. D7000 inacho. D90 na D7100 zinacho. Lakini D3100, D3200, D5100 na D5300, ambazo ndizo zimejaa kwenye mitumba, hazina. Ukiifunga huko, fokasi utazungusha kwa mkono. Angalia kwenye mdomo wa bodi, upande wa chini kushoto ukiwa umeielekeza kwako: kama kijino hakipo, tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, yaani 50mm f/1.8G ya mwaka 2011, ambayo ina mota yake.

Sasa mtu atasema, si bora wote tununue hiyo G basi? Kwa mwenye kamera ya kadi peke yake, ndiyo, nunua G. Ila G haina pete ya tundu. Ukiiweka kwenye FM2 tundu linabaki limebanwa mpaka mwisho, f/16, saa zote. Jioni huwezi kupiga kitu.

Aliyeniuzia ni kijana mpiga picha za harusi aliyekuwa amehamia kamera mpya za Nikon zisizo na kioo cha ndani. Adapta ya kule ya kuvalisha lenzi za zamani, FTZ, haina mota wala kijino, kwa hiyo lenzi hii kwake ilikuwa imeshakuwa ya mkono. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya muuzaji kuuza, na mimi napenda kuijua sababu kabla ya bei. Tulikutana Makoroboi. Akaitoa mfukoni, akasema, "Mayu, hii haina shida kabisa."

"Haina shida tutaiona, mwanangu. Washa tochi ya simu yako."

Ukinunua lenzi iliyotumika kandokando ya ziwa, kagua ukungu kwanza. Unyevu wa huku haulali. Fungua tundu lote, mulika tochi kutokea nyuma, tazama kwa pembeni: ukungu unaonekana kama nyuzi za buibui kwenye kioo. Vumbi mbili tatu achana nazo, hazionekani kwenye picha. Kisha sukuma kile kiulimi cha nyuma kinachofungua na kufunga tundu. Bapa zake saba zirudi kwa kishindo. Zikirudi kwa uvivu, zina mafuta, na picha zako za mchana zitaungua kwa sababu tundu halifungi kwa wakati. Yake ilirudi vizuri. Alianzia laki mbili na nusu, tukamalizana kwa laki mbili na ishirini, na kofia ya lenzi juu.

Kwenye D7000 kuna kitu kimoja cha kujua siku ya kwanza: zungusha pete mpaka f/22 halafu sogeza kile kifunga kidogo pembeni yake. Pete ikiwa kwingine, kamera inaandika FEE na shata inagoma. Nimeshasikia watu wakiambiwa na fundi kwamba kamera imekufa, kumbe ni hiyo pete tu. Kwenye FM2 ni kinyume: fungua kifunga, chagua tundu kwa kidole.

Lenzi ileile inaona tofauti. Kwenye mkanda ni 50mm kweli. Jiwe la Bismarck linaingia lote na maji yamebaki pembeni. D7000 ina sensa ndogo, inakata kingo, unapata upana kama wa 75mm kwenye mkanda. Kwa sura ya mtu ni safi sana. Kwa vichochoro vya Mwaloni, vyenye mikokoteni na wabeba magunia wanaopiga miluzi nyuma yako, ni finyu mno, na pa kurudi nyuma hakuna. Anayetaka kupiga daraja la Kigongo–Busisi lote kwa pamoja, lenye urefu wa kilomita tatu, hii si lenzi yake.

Kazi yake halisi ni jioni. Mwanza ipo karibu na Ikweta, jua likizama mwanga unakatika upesi. Mwenye lenzi ya f/5.6 anafungasha, mwenye f/1.8 bado anapiga. Mitumbwi ya dagaa inapotoka na taa zake mimi naweka f/2, ISO (wepesi wa kuona mwanga) 1600, shata 1/125 ya sekunde. Kwenye f/1.8 yenyewe picha ni laini kidogo na maji yanayometa yanatoa kingo za zambarau. Ikifika f/2.8 inatulia, f/5.6 inakata kama wembe. Mota ya kamera ikiizungusha inapiga kelele, kwa hiyo wapenda video waitafute nyingine. Na haisogei karibu zaidi ya sentimita 45, hivyo dagaa mmoja mmoja hutampata mkubwa. Wapige wakiwa wengi kwenye chanja.

Hao dagaa wa chanja nao wana ujanja wao. Wakishakauka wanang'aa kama bati jipya, na kipimo cha kamera yoyote kikiona mng'ao mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinatia giza. Unapata dagaa wa kijivu, na mama aliyesimama nyuma yao hana uso. Kwenye D7000 naongeza mwanga +1, wakati mwingine zaidi. Kwenye FM2 napima mwanga kwenye kiganja changu kikiwa kwenye mwanga uleule, au sipimi kabisa: jua kali, f/16, shata iwe sawa na namba ya ISO ya mkanda. Kwa mkanda wa Ilford HP5 ya 400 hiyo ni 1/500, maana 1/400 FM2 haina. FM2 haihitaji betri kupiga, betri ni ya kipimo tu.

Flashi ya juu ya D7000 mchana isikudanganye. Mwisho wake ni shata ya 1/250, jua la saa sita kwa ISO 100 linakulazimisha f/11 hivi, na kwa tundu hilo flashi inafika kama mita moja. Mwombe mtu aingie chini ya mwavuli, ndiyo dawa. Na umwombe kweli. Mwaloni ukimpiga mtu picha bila salamu utarushiwa maneno.

Mkanda mweusi na mweupe nausafisha mwenyewe bafuni kwa dawa ya D-76, dakika saba na nusu. Muda huo ni wa HP5 kwenye dawa isiyoongezewa maji, kwenye nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya huku hayafiki hapo chini. Barafu ya kuhifadhia samaki inasaidia: iweke kwenye beseni, chupa ya dawa isimame katikati, barafu isiingie kwenye dawa. Fanya kazi hii siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika na simu za wateja zimepungua.

Kuhifadhi: ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mkoba wa ngozi uache, ukungu unaupenda. Wale wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi juu ya maji, usibadilishe lenzi hata kama picha unayoiona ni ya maisha. Wakiingia kwenye kioo cha kamera utawatoa kwa kibano. Filta yake ni ya milimita 52, ipo kila mahali. Nunua ile ya kioo wazi ya bei ndogo, kwa sababu magamba ya sato yakikaukia kwenye lenzi hayatoki kwa kitambaa.