Leso ya kura ya wanawake: pamba nzuri, mwaka wa kuazima

Jozi ni shilingi 800 kwenye vibanda vya leso Kibuye, Kisumu, na ukiishika tu unajua ni pamba tupu, si zile nyepesi za kampeni zinazoonyesha vidole upande wa pili. Kila kipande ni sentimita 110 kwa 150. Mji wake, yaani picha ya katikati, ni mkono unaotumbukiza karatasi kwenye sanduku la kura. Pindo ni zambarau, nyeupe na dhahabu, rangi za National Woman's Party, chama cha Marekani kilichopigania kura ya wanawake.

Inapokosea ni kwenye jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake: "Kura yetu tangu 1920". Yetu akina nani? Mwaka huo ni wa Marekebisho ya 19 ya Katiba ya Marekani, yaliyowapa wanawake wa huko haki ya kura, na ndiyo sababu wao huadhimisha 26 Agosti. Huku kwetu Waafrika walianza kuchagua wawakilishi wao Machi 1957, tena kwa masharti ya elimu, mali na kipato yaliyowafungia nje wanawake wengi. Kura ya kila mtu mzima ilikuja 1963. Isitoshe, leso inauzwa Kisumu na haina hata herufi moja ya Grace Onyango, meya wa mji huu 1965 na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, 1969! Chama kinachoagiza leso zake kimpe mchapaji jina sahihi mapema. Kila rangi ina fremu yake ya kuchapia, kwa hiyo maneno yakae kwenye rangi moja. Kosa likionekana, inarudiwa fremu moja tu.

Zambarau inachuja, na jirani yake ni nyeupe. Lowesha pembe kwa maji baridi, ibane na kitambaa cheupe dakika tano. Kikitoka na doa, ifue peke yake, maji baridi mengi, suuza mpaka yawe meupe, uianike kivulini papo hapo bila kuikunja. Chumvi na siki hazishikishi rangi iliyokwisha chapwa.

Fua kabla ya kukata, maana pamba hurudi, yaani hupungua. Vipande viwili vimeungana: kata katikati ya ukanda mweupe ulio kati yake, usifuate mkunjo wa dukani, ambao kwenye jozi hizi umekaa upande, na ukikatia hapo kipande kimoja hupoteza pindo. Fundi akunje mara mbili, nusu sentimita kila mkunjo. Mkunjo mmoja hufumuka.