Mafuta ya upako ya chupa: yanafaa kwa nini, na yanakwama wapi

Chupa hizi zinajulikana. Ni za plastiki, mara nyingi mililita 50 au 100, zimebandikwa picha ya mtumishi na mstari wa Maandiko. Zinauzwa mlangoni baada ya ibada, kwenye mikutano ya injili, na siku hizi hata kwa kuagiza kwa simu. Muuzaji hasemi nunua, anasema toa sadaka ya mafuta. Ahadi zake ni nzito: kuvunja nguvu za giza, kufungua kazi iliyofungwa, kulinda watoto usiku. Na anayechukua chupa mara nyingi yuko kwenye shida ya kweli, ana mgonjwa ndani au ndoa inayumba, kwa hiyo anastahili kuambiwa wazi anachokipata kwa pesa yake.

Tuanze na kilichomo. Lebo nzuri hutaja viungo, tarehe ya kufungashwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na huwa na alama ya TBS au KEBS. Lebo yenye picha na mstari peke yake haikuambii kama ni zeituni, alizeti au mafuta ya kupikia yaliyotiwa manukato. Rangi ya kijani si ushahidi, maana rangi huongezwa. Kuyaweka kwenye friji uone kama yataganda si kipimo pia, kwa sababu mafuta mengine huganda vilevile na zeituni halisi si zote zinazoganda. Anayetaka zeituni ya uhakika anunue ya daraja la kwanza dukani, ile ambayo asidi yake haizidi asilimia 0.8, ndani ya chupa ya kioo cheusi. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyaharibu mafuta haya, na plastiki angavu iliyokaa juani mezani siku nzima inayaweka kwenye vyote vitatu. Yakichacha hunuka karanga za zamani. Kisha gawanya bei kwa mililita, ulinganishe na chupa ya nusu lita ya supamaketi. Tofauti utakayoiona ndiyo bei ya stika.

Matumizi yanayohimizwa ndiyo yenye hatari zaidi. Mafuta yenye manukato hayanywewi, hayatiwi machoni, hayapakwi kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kuyamwaga kizingitini penye vigae ni kumtegea bibi aanguke. Wanaopaka magurudumu ya gari au pikipiki waelewe kwamba tone likifika kwenye diski ya breki, breki inapoteza nguvu. Mgonjwa wa kisukari au wa kifafa aliyepakwa mafuta aendelee na dawa zake kama daktari alivyoandika, na mtu yeyote anayemwambia aziache anahatarisha maisha yake. Tarehe 1 Februari 2020, uwanjani mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta ulinzi.

Sasa madai yenyewe. Baadhi ya chupa hudai kuwa ni mafuta ya upako ya Biblia. Mapishi ya Kutoka 30 yapo wazi: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na zeituni hini moja. Shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo viungo peke yake vinakaribia kilo 17 ndani ya mafuta yasiyofika lita nne. Hakuna chupa ya mlangoni inayokaribia hapo. Tena sura hiyohiyo inakataza kuyatengeneza mengine mfano wake na kumpaka mtu asiye kuhani, na adhabu yake ni kukatiliwa mbali na watu wake. Anayedai ameyatengeneza yaleyale amejishtaki mwenyewe kwa andiko analolitumia.

Kati ya hoja za wauzaji, Marko 6:13 ndiyo yenye uzito, na inastahili kusomwa taratibu: “Wakatoa pepo wengi, wakapaka mafuta watu wengi waliokuwa wagonjwa, wakawaponya.” Mafuta yamewekwa kwa wagonjwa. Pepo walitolewa kwa mamlaka ambayo Yesu aliwapa wanafunzi wake katika mstari wa 7. Miimo ya milango nayo, katika Kutoka 12, ilipakwa damu ya mwana-kondoo wa Pasaka, na huyo Pasaka wetu, yaani Kristo, amekwisha kuchinjwa. Halafu kuna leso zilizotoka mwilini mwa Paulo na kuponya wagonjwa katika Matendo 19, ambazo wauzaji huzitaja sana. Luka anaita jambo lile miujiza ya kupita kawaida, na hakuna mahali Paulo alipozigawa kwa malipo. Mistari inayofuata inawaonyesha wana wa Skewa waliotumia jina la Yesu kufukuza pepo bila kumjua Yesu. Walitoka ndani ya nyumba ile uchi na wamejeruhiwa. Na Simoni mchawi alipotaka kununua karama, Petro alimjibu: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.”

Ukitaka orodha ya silaha, iko Waefeso 6:14 hadi 18. Kweli viunoni, dirii ya haki kifuani, utayari wa Injili miguuni, ngao ya imani, chapeo ya wokovu, upanga wa Roho ambao ni neno la Mungu, na sala kila wakati. Mafuta hayamo. Mtu anayesema uongo kazini na kupaka mlango jioni ameacha kiuno wazi, hata kama chupa ni ya lita. Petro anasema Ibilisi hupingwa na mtu aliye thabiti katika imani. Yakobo anatanguliza kumtii Mungu, ndipo kumpinga Shetani, ndipo yeye akimbie. Yesu jangwani alijibu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, na alipotajiwa Zaburi ya 91 isivyo sawa, aliutambua mtego kwa sababu aliyajua Maandiko. Ndiyo sababu kukariri mistari michache kwa ukamilifu kunamsaidia aliyejaribiwa usiku kuliko chupa tano kando ya mto wa kulalia.

Je, mafuta yaachwe kabisa? Hapana. Yakobo 5:14 ni agizo, na wanaolidharau nao wanakosea. Utaratibu wake ni mfupi. Mgonjwa mwenyewe anawaita wazee wa kanisa. Wanakuja kwake, wanamwombea, wanampaka mafuta kwa jina la Bwana; tone moja la zeituni safi kwenye kipaji cha uso linatosha. Mstari wa 15 unaweka wokovu wa mgonjwa kwenye kule kuomba kwa imani, na wa 16 unafungua nafasi ya kuungama. Wakatoliki wana utaratibu wao: mafuta ya wagonjwa hubarikiwa na askofu katika Misa ya Krisma, padri hupaka kipaji cha uso na viganja, na tangu 1972 mafuta mengine ya mimea yanaruhusiwa zeituni zikikosekana. Kote huko mafuta hayabebwi nyumbani kuwa mlinzi, na hayana bei.

Kwa ugonjwa, pamoja na wazee na maombi, mafuta ya kawaida ya duka yanafaa kabisa. Kwa vita vya kiroho, chupa ya mlangoni hatuipendekezi kwa bei yoyote. Nyoka wa shaba wa Musa aliagizwa na Mungu mwenyewe, na bado mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande watu walipoanza kumfukizia uvumba.

Aliye na chupa nyumbani na anaogopa kuitupa, asiogope. Ikiwa ni zeituni tupu na haijachacha, ipake ngozi au ipikie. Ikiwa ina manukato au haina lebo, ifunge vizuri, iweke mbali na watoto, itie kwenye taka. Usimwage kwenye sinki, itaziba bomba. Andiko lolote halimlaani mtu kwa kutupa mafuta. Anayeitishwa “mbegu”, yaani pesa, ili laana hiyo iondolewe asitume, azungumze na mchungaji wa kanisa lake.