TAHADHARI: Kifaa cha "kupunguza mafuta" cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD ni taa tupu

Jamani, someni kabla hamjatoa hela. Kuna kifaa kidogo kinauzwa sana mitandaoni, cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile yenye matundu 16 chini ya usukani, ambako fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu za gari. Wauzaji wanadai kinazungumza na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, na gari linaanza kula mafuta kidogo. Mteja mmoja kaniletea chake baada ya kuona gari linakula vilevile, nikakifungua mbele yake.

Soketi yenyewe haina siri. Tundu la 16 ni chanya ya betri, lina umeme muda wote hata ukichomoa ufunguo. La 4 na la 5 ni hasi. Mawasiliano ya magari mengi ya sasa yanapita la 6 na la 14, zile nyaya mbili za CAN, mtandao ambao kompyuta za gari huongea kwazo. Ya zamani kidogo mengi yanatumia la 7. Kwa hiyo kifaa cha kuongea na gari la sasa lazima kifike kwenye 6 na 14, na kiwe na chipu ya kutuma na kupokea mawimbi hayo.

Hiki kwa nje kina pini zote, zimepangwa vizuri kabisa. Ndani, zilizoungwa ni 16 na 4 basi! Zinakwenda kwenye rezista, chipu ndogo ya kuwashawasha taa, na kitufe cha "riseti". Nilikipa volti 12 juu ya meza, gari halipo, kikamulika kwa mbwembwe zote eti kinajifunza.

Na ile ya wauzaji kukwambia "endesha kilomita 200 kwanza kikuzoee" ni ya kukupotezea muda hadi siku za kurudisha mzigo zipite. Halafu mtu akishanunua anakanyaga mafuta kwa adabu, ulaji unashuka kidogo, anakwenda kumsifia muuzaji.

Hata chenye nyaya kamili, maombi ya kawaida ya OBD karibu yote ni ya kusoma: hitilafu, joto la injini, mizunguko ya injini. Kubadilisha kiasi cha mafuta kunataka kuandika upya data ya kontrol boksi, kwa programu ya modeli hiyohiyo. Kimoja cha magari yote hakipo.

Hasara haiishii kwenye hela. Kikipiga shoti kwenye 16, fyuzi inaungua, na kwenye magari mengi fyuzi hiyo inalisha pia redio au kiwashio cha sigara. Kikigusanisha 6 na 14, dashibodi inajaa taa, na gari linaweza kugoma kuwaka.

Unacho tayari? Kichomoe. Ukiwa na wasiwasi, toa waya wa betri, pima ukinzani kwa multimita (kipima umeme) kati ya tundu la 6 na la 14: magari mengi ya CAN husoma karibu omu 60. Ikisoma karibu na sifuri, mwite fundi umeme kabla ya kurudisha betri.