Miaka mitano nikiuza dagaa wa Kigoma kwa WhatsApp Business: uzoefu wangu

Nauza dagaa wa Kigoma, migebuka mikavu na mawese hapa Dar es Salaam. Sina duka. Nina chumba cha nyuma nyumbani kwangu Tabata, mizani, mifuko na simu. Simu hiyo ina WhatsApp Business tangu mwaka 2020, na kinamama wenzangu wameniuliza mara nyingi kama kweli inaleta wateja au ni kumaliza bando tu. Naandika yote hapa, pamoja na yaliyoniuma.

Kwanza niieleze bidhaa yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini naipenda programu hii. Dagaa wa Kigoma hawavuliwi kila usiku. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huingia ziwani kwenye giza, wakawasha taa, dagaa wakafuata mwanga. Mbalamwezi ikishiba, taa hazifui dafu mbele yake, na wengi huziegesha boti wakasubiri. Kwa hiyo mzigo wangu unakwenda na mwezi. Mama mdogo wangu yuko Kibirizi, Kigoma, ndiye anayeninunulia mwaloni, na huchagua walioanikwa juu ya chanja, si wa mchangani. Ukiuza kitu cha namna hii, kazi kubwa ni kuwafikia walewale waliokula mzigo uliopita, siku hiyohiyo mzigo mpya unaposhuka kwenye basi, kabla hawajanunua kwingine.

Nilianzia Instagram, kama wengi. Nilipiga picha nzuri, nikaandika "bei inbox", kwa sababu ndivyo nilivyoona watu wakifanya. Wafuasi waliongezeka hadi elfu tatu na kitu, laiki zikaja, mauzo yakabaki palepale. Siku moja mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Ujiji anayeishi Kimara, alinipigia akaniambia, "Mwanangu, ukinificha bei najua unataka unipime mfuko kwanza." Maneno yale yaliniingia. Jioni ileile nilirudi nikaandika bei chini ya kila picha: kilo, nusu na robo. Maulizo yalipungua, lakini waliouliza walikuwa wananunua. Tangu hapo sijaificha bei tena, na nawasihi wanaoanza wasiifiche. Mteja akishajiona anapimwa, hata akinunua leo harudi.

Kuna mtandao mmoja niliolipia tangazo, shilingi 60,000 kwa siku sita. Nililiacha lizunguke nchi nzima bila kuchagua mji. Watu zaidi ya mia walinitumia salamu na "bei gani", wengi wao wakiwa mikoa ambayo nauli ya kifurushi inakaribia bei ya nusu kilo. Walionunua walikuwa wanne. Baadaye nilijaribu tena kwa shilingi 10,000, nikachagua Dar es Salaam peke yake, na nikaliwasha siku mzigo umeshafika ndani badala ya wiki moja kabla. Hapo hela ilirudi. Hata hivyo wale wa tangazo huwa wageni wa siku moja tu nisipowahamishia WhatsApp nikawajua.

Sasa WhatsApp Business yenyewe. Kupakua ni bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja iwe na namba yake. Mimi nilinunua laini ya pili kwa ajili ya biashara. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote, maana ujumbe wa mteja haumezwi tena na vikundi vya ukoo na kamati za harusi.

Katalogi ndiyo inayoniokolea muda. Kila bidhaa nimeiwekea picha niliyopiga mwenyewe mchana, bei, na maelezo mafupi: wameanikwa wapi, wana chumvi au hawana, wanatosha watu wangapi. Mtu akiuliza namtumia bidhaa moja tu, haipiti dakika. Ila katalogi isiyosahihishwa ni mtego. Niliwahi kusahau kubadilisha bei ya mawese baada ya kupanda, mteja wa Dodoma akalipa bei ya zamani. Nilimpelekea kwa bei aliyoiona. Kosa lilikuwa langu, na yeye mpaka leo anaagiza kila mwezi.

Lebo, yaani alama ninazobandika kwenye mazungumzo ya wateja ili niwapange, ndizo hasa zilizogeuza biashara yangu. Programu inakuja na lebo zake, kama mteja mpya na malipo yanayosubiriwa, lakini unaweza kutengeneza za kwako. Zangu ni "Mawese", "Migebuka", "Mikoani", "Hataki chumvi" na moja ninayoipenda kuliko zote, "Anasubiri giza". Humo namwingiza kila aliyeuliza dagaa nikiwa sina. Mzigo ukifika simtangazii kila mtu. Nafungua lebo ile, namwandikia mmoja mmoja kwa jina lake: "Shikamoo mama, dagaa uliowauliza wamefika leo asubuhi, nikuwekee kilo ngapi?" Inachosha vidole. Lakini mtu aliyeuliza wiki mbili zilizopita akiona umemkumbuka, jibu lake mara nyingi ni kiasi na mahali pa kuleta, bila kuomba punguzo.

Ujumbe wa kukaribisha unajituma wenyewe mtu anapoandika mara ya kwanza, au akirudi baada ya siku 14 za ukimya. Mwanzo niliweka yale maneno ya ofisini, "Mpendwa mteja, asante kwa kuwasiliana nasi." Watu walikuwa wanakaa kimya, nadhani walihisi wanaongea na mashine. Sasa unasema hivi: "Karibu sana. Hapa ni kwa mama wa dagaa wa Kigoma, Tabata. Bei zote ziko kwenye katalogi. Nikichelewa kujibu niko kwenye kufunga mizigo, nitajibu kabla ya saa mbili usiku." Na kweli najibu kabla ya saa mbili.

Kwenye stetasi nimejifunza kwa kutazama nani ameangalia na nani ameuliza. Picha zenye maandishi ya rangirangi watu wanapita tu. Video ya mama mdogo alfajiri, dagaa wakimwagwa kwenye chanja na ziwa likionekana nyuma, inaleta wateja mpaka wa migebuka. Lakini iliyoshinda zote niliichukua jikoni kwangu. Nilichota dagaa wa kiganja kimoja, nikawaloweka kwenye bakuli la kioo, nikawatoa, nikaonyesha maji yaliyobaki chini. Hakuna mchanga. Sikuongea neno. Anayejua dagaa anajua uchungu wa kusaga mchanga mdomoni, kwa hiyo hakuhitaji maelezo. Naifanya upya kwa kila mzigo mpya, siitumii ya zamani, kwa sababu mizigo hailingani na mteja atalinganisha na alichopelekewa.

Jambo moja wengi hawalijui: stetasi na ujumbe wa orodha (unaouandika mara moja ukaenda kwa wengi, kila mmoja kivyake) havimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake. Orodha moja inachukua watu 256, lakini ukiwa nao 256 na nusu yao hawajakuhifadhi, unaandikia hewa. Ndiyo maana kila mfuko ninaouza una kikaratasi chenye jina la biashara, namba, na ombi fupi: "Hifadhi namba hii ujue mzigo ukifika." Kuchapisha hakukunigharimu sana, na kila mzigo naongeza majina kumi, kumi na tano.

Kikundi nilijaribu, nikakifunga. Ndani ya kikundi wanachama wanaonana namba, na mtu mmoja aliingia kama mteja, akazikusanya, akaanza kuwaandikia wateja wangu biashara zake usiku. Wawili waliniambia wamesikitika kwamba nimewatoa namba. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Namba ya mtu ni amana, na tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo si suala la heshima pekee.

Kuhusu malipo, nakusihi usiamini ujumbe wa muamala unaotumiwa na mteja. Mtu aliwahi kunitumia picha ya muamala iliyofanana kabisa na ya kweli, boda akiwa keshafika mlangoni. Nilimwachia kilo tatu. Siku hizi naangalia salio langu mwenyewe kwanza, hata kama mteja ni shangazi yangu, na hakuna aliyewahi kukasirika nilipomweleza kwa upole. Natumia lipa namba yenye jina la biashara. Mteja akiona jina lilelile aliloliona kwenye katalogi kabla hajaweka namba ya siri, wasiwasi unamtoka.

Na tapeli mwingine alinipata mimi mwenyewe. Aliandika kwa namba ya rafiki yangu, kumbe rafiki keshaibiwa akaunti, akaniomba nimtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu "kwa makosa", kumbe ndizo za kufungulia akaunti yangu. Nilizituma. Ndani ya dakika chache alikuwa ndani ya akaunti yangu ya biashara, na alishaweka namba yake ya siri, hivyo ikanibidi nisubiri siku saba kuirejesha. Kabla sijamtoa, alishawaomba hela wateja wangu kwa jina langu. Niliwapigia simu niliowakumbuka kwa majina yaliyoandikwa kwenye daftari. Daftari lile ndilo lililoniokoa, na bado naandika kila oda kwa kalamu. Kama hujawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada unayojiwekea mwenyewe kwenye akaunti, uwashe kabla hujamaliza kusoma hapa.

Kipimo kikubwa kilikuja mwaka 2024. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila dagaa wapya. Niliwaandikia wateja mapema, nikawaambia ukweli: nilichonacho ni hiki, kikiisha kimeisha. Wapo walionishauri nichukue dagaa wa Mwanza niwauze kama wa Kigoma. Mtu wa Kigoma humdanganyi kwa dagaa, anawajua kwa ukubwa na kwa ladha, na hata asiyejua hastahili kudanganywa. Nilichukua wa Mwanza kidogo, nikawaandika hivyohivyo, "dagaa wa Mwanza", kwa bei yao. Mawese yakanibeba. Kila wiki mbili niliweka stetasi moja ya habari tu: ziwa bado limefungwa, zimebaki siku kadhaa. Sikuwa nauza chochote kwenye stetasi zile, lakini watu waliziangalia kuliko za mauzo, wakajibu, wakasimulia namna bibi zao walivyopika. Nimewajua wateja wangu kipindi kile kuliko miaka minne ya nyuma.

Ziwa lilifunguliwa karibu na mbalamwezi, ikabidi tusubiri tena mpaka mwisho wa Agosti giza liingie. Mzigo wa kwanza ulikuwa kilo 70. Niliwaandikia wa lebo ya "Anasubiri giza" saa moja asubuhi, na mpaka adhuhuri sikuwa na kitu cha kuweka stetasi.

Kwa anayeuza bidhaa ya mara moja, labda kiwanja au friji, sidhani kama lebo na orodha zitamfaa kama zilivyonifaa mimi. Yeye anahitaji watu wapya, na Instagram itamsaidia zaidi. Kwa mwenye unga, mkaa, viungo, mafuta, vitenge, chochote ambacho mtu atakihitaji tena, WhatsApp Business inatosha kabisa kuanzia, na naipendekeza bila kusita.

Giza linaanza wiki ijayo. Lebo yangu leo ina watu 43, na mama mdogo ameshapiga simu kuuliza anunue kilo ngapi.