Marvel's Spider-Man: Inamfaa Mtoto wa Miaka Sita?

Haya wazazi, habari zenu? Karibuni tena. Tangu shule zifungwe naulizwa swali moja tu: mtoto ana miaka sita, mkoba wake una Spider-Man, chupa ya maji ina Spider-Man, hata soksi. Je, nimnunulie gemu yake? Jibu nalitoa mapema, anayewahi matatu asije akasema nimemchelewesha. Hapana, si hii. Ipo nyingine, nitaifikia.

Ninayozungumzia ni Marvel's Spider-Man, ya kampuni ya Insomniac, iliyotoka 2018 kwa PS4, mashine ya gemu ya Sony. Ukishuka mjini, pale Moi Avenue, hukosi muuzaji wa kukwambia, "Mama, chukua tu, hii ni ya watoto." Kabla hujatoa pesa, angalia kasha vizuri. Diski ikiwa ya soko la Ulaya, imeandikwa 16. Ikiwa ya Marekani, utaona herufi T, yaani miaka 13 kwenda juu. Gemu ni ile ile, ila wanaoipima ni wawili. Hata ukimsikiliza yule mpole, wa miaka sita hajafika nusu.

Wengi hudhani shida ni ngumi. Hebu tazama hapa kwa skrini. Huyu jambazi namvuta, namrusha kutoka juu ya paa… umeona? Utando umemnasa ukutani, ananing'inia pale mzima kabisa. Hata ujaribu kumwangusha makusudi, gemu inamdaka. Na hatari ikikaribia, mistari myeupe inatokea kichwani mwa Spider-Man, unabonyeza kitufe cha duara, anakwepa. Kelele ni nyingi, ndiyo, lakini mimi ngumi hizi hazinikoseshi usingizi.

Kinachonisumbua ni hadithi. Kama hutaki kujua yanayotokea, sogeza video mbele kidogo.

Katikati ya gemu kuna sherehe mbele ya ofisi za jiji. Watu wamekusanyika, mara mlipuko. Vumbi likitulia, humchezi Spider-Man tena. Unamcheza Miles, kijana wa shule, anapepesuka kwenye vifusi akimtafuta babake. Anamkuta amekufa. Pedi iko mikononi mwako, wewe ndiwe unayemtembeza hadi pale. Baadaye kuna mazishi. Na mwishoni kabisa Peter, yaani Spider-Man mwenyewe bila barakoa, ana dawa ya kumponya Aunt May, shangazi aliyemlea, lakini ni hiyo hiyo inayohitajika kuokoa mji mzima. Anachagua mji. Shangazi anafariki yeye akiwa kando ya kitanda. Imeandikwa vizuri sana, kwa mtu mzima au kijana wa sekondari ni gemu nzuri mno. Lakini usiniambie mtoto hataelewa kwa sababu Kiingereza chao ni cha haraka. Mazishi anayajua, mmeenda naye ushago.

Kuna atakayesema, si nimwachie aruke tu mjini? Hilo linawezekana, na huko ndiko kutamu: unashikilia kitufe cha R2 anapaa kati ya maghorofa, ukiachia anaanguka, unashika tena. Hadithi haisogei mpaka ufuate alama zake. Basi pigana wewe mwenyewe na Kingpin, yule adui mkubwa wa mwanzoni, weka ugumu kwenye Friendly, kile kiwango rahisi, kisha umpe pedi na uketi hapo. Ila mhifadhie mchezo wake kando na wako, maana ukisonga mbele mji unajaa askari wa kukodiwa wanaomwinda Spider-Man kwa bunduki. PS4 ina kufuli ya umri pia, lakini inafanya kazi kama mtoto ana akaunti yake. Nyumba nyingi wote wanaingia na ya baba, halafu tunashangaa.

Sasa ile nyingine: LEGO Marvel Super Heroes, ya 2013. Ulaya wameipa 7, Marekani 10 kwenda juu. Spider-Man yumo, Hulk yumo, na wengine zaidi ya mia. Ukipigwa unasambaratika vipande vya LEGO, unapoteza kidogo vile vijiwe vya LEGO ulivyokusanya, unarudi papo hapo. Hakuna wa kuzikwa. La maana zaidi, mnacheza wawili kwenye televisheni moja. Mtoto akikwama kwenye fumbo, na atakwama, unachukua pedi ya pili unaingia, ukimaliza unatoka ukaangalie sufuria. Kuruka angani kwenye hii ni balaa tupu, Iron Man anagonga kila ukuta, ila watoto hawajali, wanacheka.

Pedi hiyo ya pili ndiyo gharama ambayo muuzaji hakutajii. Ukichukua iliyotumika, ijaribu hapo hapo dukani: achilia vile vijiti viwili, usiguse kitu, uangalie skrini. Mtu wako kwenye skrini akianza kutembea mwenyewe, mrudishie muuzaji pedi yake.