Glavu ya mdakaji ya softiboli, inchi 33: inafaa, ila kamba zake uziangalie

Katika softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji, naye ndiye anayeuona uwanja mzima. Kelly Inouye-Perez alikuwa mdakaji wa timu ya UCLA, chuo kikuu cha Marekani, akawa kocha mkuu hapo hapo tangu 2007, akabeba ubingwa wa vyuo 2010 na 2019. Basi skuli yenye pesa ya glavu moja tu ya maana ianze na hii.

Ngozi ni nene, na kiganja kinaumeza vizuri mpira wa inchi 12 (inchi hizi, kama zile 33 za glavu, ni za mzingo). Ikiwa mpya ni ngumu kama ubao: ipake vaselini kidogo, tia mpira ndani, ifunge kwa ukanda wa mpira usiku kucha, na urudie mpaka ikunjike yenyewe. Juani usiianike, itapasuka.

Udhaifu wake ni kamba. Jasho na hewa ya chumvi huzila, na masika glavu iliyofungiwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu. Ifute, itundike kivulini penye upepo. Kamba ikikatika, fundi viatu wa Darajani, sokoni Unguja, ataiweza, lakini atie ya ngozi. Nailoni hutanua matundu.

Kabla ya kulipa, ivae. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa kushoto, na wauzaji wa mitumba hilo haliwashughulishi.